Taa Penye Majengo ya Kale: Si Kila Giza ni la Kufukuzwa

Na Mwandishi Wetu, Kikima

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini usiku, ndugu msomaji, hata mwenye macho huhitaji kuwashiwa taa, na yule anayeiwasha ndiye anayeamua mwenzake aone nini na asione nini. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo: taa zinazomulikwa usiku penye majengo ya kale, hasa nyumba za ibada na bustani zake. Mtindo huu umeenea duniani, Unguja na Mombasa umekwisha kufika, na siku hizi unazungumzwa hata huku milimani Ukambani, ambako mimi mwana wa pwani nimeletwa na kazi.

Kikima ni mji mdogo wa soko katika milima ya Mbooni, kaunti ya Makueni. Mashamba yake yamekatwa ngazi ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua, na mwezi wa Julai baridi yake si ya mchezo. Wazee wa Kikamba husimulia kwamba Mbooni ndiko walikotua na kukaa baba zao, kabla wengine hawajavuka kwenda Kitui. Nao si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikiteremsha pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa.

Katika nchi hii ya Ukambani kuna mahali panapoitwa ithembo, na yakiwa mengi huitwa mathembo. Ithembo ni kichaka cha miti mikubwa ya kale, aghalabu ya jamii ya mkuyu, ambapo wazee walikuwa wakikutana kuomba mvua na kutoa sadaka. Ni mwiko kukata mti wake, na hata kuokota kuni hairuhusiwi. Ndugu zetu Wamijikenda wana kaya zao, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ithembo ni ndogo kuliko kaya, lakini mwiko ni ule ule. Sisi Waislamu ibada hizo si zetu, na hilo halina ubishi. Hata hivyo mgeni mwenye adabu hujua kwamba pahali pa heshima ya wenyeji hapachezewi.

MANENO YA WATU WATATU

Jioni moja, katika hoteli ya chai pale sokoni, kijana fundi wa umeme alinionyesha picha katika simu yake. "Mzee, hebu ona hii," akaniambia. Ilikuwa picha ya hekalu la Kibudha mjini Kyoto, nchi ya Japani, iliyopigwa usiku. Miti yenye majani mekundu ilikuwa imemulikwa kutoka chini, na mbele yake bwawa limetulia kama kioo, hata usiweze kujua mti ni upi na taswira yake majini ni ipi. Kijana akasema, "Nasi tuna ithembo. Tukiweka taa ishirini pale, watu watatoka Nairobi kuja kutazama. Watakula hapa, watalala hapa, na sisi vijana tutapata kazi."

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai yake kimya akamjibu kwa upole, "Mwanangu, pale mtu huingia kwa ruhusa. Ukiweka taa, umekwisha kuwaita watu wote."

Mama mwenye hoteli naye, huku akifuta meza, akatia lake. "Kabla hamjamulika miti, mulikeni soko. Sisi tunaofunga usiku tunahesabu chenji kwa tochi ya simu."

Maneno hayo matatu nimeyafikiri sana. Kijana ameona riziki, mzee ameona heshima, na mama ameona haja ya walio hai. Hakuna hata mmoja aliyesema upuuzi. Basi hebu tuyapime, kila moja kwa mizani yake, kwa mambo yaliyokwisha kutendeka kwingineko na kwetu.

HEKALU LA KYOTO

Tuanze na picha ya kijana. Zen ni madhehebu ya dini ya Kibudha yaliyotoka China yakaingia Japani. Mtawa Eisai, aliyeishi kati ya mwaka 1141 na 1215, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa tawi lake moja kubwa huko, liitwalo Rinzai. Ibada yao kubwa ni kukaa kimya, mgongo wima, moyo umetulia. Na bustani ya hekalu haikutengenezwa kwa ajili ya maua ya kunusa. Ni mawe yaliyopangwa, miti iliyokatwa kwa utaratibu, maji yaliyotulia, na mchanga mweupe uliopigwa reki mpaka ukafanya mistari kama mawimbi madogo ya maji mafu.

Hekalu la picha ile huitwa Kodai-ji. Lilianzishwa mwaka 1606 na bibi mmoja aliyeitwa Nene, mjane wa mtawala mkubwa Toyotomi Hideyoshi, kwa kumkumbuka mumewe. Bustani yake inasemekana kuwa ni kazi ya Kobori Enshu, bingwa wa bustani na wa majlisi ya chai katika zama zile. Lina bwawa ambalo jina lake maana yake ni joka lililolala.

Siku hizi hekalu hilo hufunguliwa usiku na kumulikwa kwa taa, na watu hupanga foleni kulipa kiingilio. Lakini halimulikwi hivyo mwaka mzima. Nyakati kubwa ni mbili: masika yao, miti ya micheri inapochanua, na vuli yao, majani ya miti yanapogeuka mekundu. Muda wenyewe ukiisha taa huzimwa, na usiku hurudi kuwa usiku. Ni kama sisi tunavyozijua taa za Ramadhani na za Maulidi. Lau zingewaka mwaka mzima, nani angeinua kichwa kuzitazama?

Sanaa hii ya kumulika majengo ya kale huko Japani ilikuwa na watu walioipigania. Mmoja wao ni Bibi Motoko Ishii, fundi wa taa, ambaye mwaka 1978 alimulika majengo ya kale ya Kyoto kwa gharama yake mwenyewe ili wakubwa wa mji waone. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1989, alikuja kusifika kwa taa za mnara wa Tokyo.

Mimi Kyoto sijafika, na niliyoyaona nimeyaona kwa picha na filamu. Lakini ukizitazama picha hizo kwa makini utagundua siri moja, nayo ni kwamba taa yenyewe huioni. Imefichwa nyuma ya jiwe au nyuma ya shina la mti. Unachokiona ni mti tu, kana kwamba unatoa nuru yake wenyewe. Tena si kila mti umemulikwa. Umechaguliwa mmoja hapa, mwingine kule, na kati yao pameachwa giza ili jicho lipate pa kupumzika.

Na lile bwawa, ajabu yake ni kwamba halikumulikwa hata kidogo. Ukielekeza taa majini, utaona tope la chini na majani yaliyooza. Ukiyaacha maji katika giza, na upepo ukawa umetulia, yanageuka kioo. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga analijua jambo hilo bila ya kufundishwa na Mjapani. Usiku wa giza, taa ya jahazi lililotia nanga huonekana mara mbili, juu na chini, maadamu hakuna anayemulika maji.

Ni kweli pia kwamba hekalu hilo hilo lina upande mwingine, wa taa za rangi na picha za mwanga zinazotembea juu ya mchanga wa bustani kama sinema. Wako wanaopenda. Mimi naona hapo bustani imegeuzwa kitambaa cha kuonyeshea filamu, na kitambaa hata cha shuka kingefaa.

MBALAMWEZI NA CHOKAA

Kabla ya umeme, watu wa Kyoto walikuwa na taa moja kubwa isiyolipiwa, nayo ni mwezi. Liko hekalu jingine la Zen, liitwalo Ginkaku-ji, yaani Jumba la Fedha. Mtawala Ashikaga Yoshimasa alianza kulijenga mwaka 1482 liwe makao yake ya mapumziko, na alipokufa mwaka 1490 likafanywa hekalu. Fedha yenyewe haimo. Kilichomo ni uwanda wa mchanga mweupe, na kando yake fungu la mchanga lililosimamishwa kama mlima uliokatwa ncha, kupita kimo cha mtu. Inasemekana mchanga huo uliwekwa hivyo ili usiku wa mwezi mpevu upokee mbalamwezi na kuirudisha kwenye jumba, na mwenye kukaa barazani aone bustani yake bila ya kuwasha hata utambi.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka nyumba za Lamu. Nyumba za mawe za karne ya 18 kuta zake ni nene, na madirisha ya nje ni machache kwa ajili ya sitara. Nuru huingilia kiwandani, katikati ya nyumba, ikapita msana wa tini, ikapita msana wa yuu, hata ikafika ndani. Ingefikaje huko mwisho, kama si chokaa? Kuta zile zilipigwa lipu ya chokaa ya matumbawe, zikasuguliwa mpaka zikawa laini na nyeupe, na nuru ikawa inaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Zidaka zilizochongwa ukutani nazo, zenye vyombo vya kauri, huidaka ile nuru kidogo na kuipamba kwa vivuli vyake. Fundi wa Lamu na mtawa wa Kyoto hawakupata kuonana, lakini wote wawili walijua kwamba nuru kidogo ikiwekewa kitu cheupe cha kuipokea hutosha.

Sasa tulisikilize neno la yule mzee wa Kikima. Mwaka 1933 mwandishi wa Kijapani Junichiro Tanizaki alianza kuchapisha makala yake mashuhuri ya kusifu vivuli, akilalamika kwamba umeme ulikuwa unaifukuza ladha ya maisha ya kale. Anasimulia humo kwamba usiku mmoja wa mwezi mpevu yeye na rafiki zake walikwenda kwenye hekalu la Suma, karibu na mji wa Kobe, wakapanda mashua bwawani ili wautazame mwezi. Walikuta ukingo wa bwawa umezungushiwa taa za umeme za rangi mbalimbali. Mwezi ulikuwepo, lakini ilibidi mtu akaze macho ndipo auone.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Watu walikwenda hekaluni kwa ajili ya mwezi, na wenye hekalu, kwa nia njema ya kuwapendezesha, wakauzima mwezi wao. Na sababu yake ni ya maumbile. Jicho la binadamu likiingia gizani huchukua kiasi cha dakika 20 hadi 30 kuzoea sawasawa, lakini mng'aro wa taa moja kali hulirudisha nyuma mara moja. Aliye chini ya taa kali haoni zaidi ya kile kilichomulikwa. Mlima, nyota na bahari vyote vimetoweka.

TAA ZETU WENYEWE

Asije mtu akadhani nasema taa ni bidaa au ni jambo la kigeni. Katika mapokeo yetu imesimuliwa kwamba wa kwanza kuwasha taa msikitini alikuwa Sahaba Tamim ad-Dari, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Huko Cairo, katika zama za Wamamluki, mafundi walitengeneza kandili za vioo zilizotiwa nakshi za rangi na dhahabu, na nyingi kati yao zikaandikwa maneno ya Aya ya Nuru. Istanbul nako, tangu enzi za Uthmaniya, usiku wa Ramadhani hutundikwa taa katika kamba kutoka mnara hadi mnara, zikaandika maneno ya kheri angani. Na sisi wa pwani tuna vishubaka vya taa katika kuta za misikiti na nyumba zetu za kale, na wazee wetu walijua kutumia kandili na karabai kabla waya haujafika.

Lakini ukizitazama taa hizo zote utaona zina jambo moja linalozifanana. Zilikuwa ni za kumsaidia mtu. Anayesoma apate kusoma, anayetawadha asijikwae, na anayetoka tarawehe afike kwake. Pamoja na hayo palikuwa na kiasi, kwa sababu mafuta yalinunuliwa kwa fedha na israfu ilikuwa inajulikana kuwa ni israfu.

Liko na jambo la mwandamo. Mwezi mchanga hukaa chini upande wa magharibi kwa muda mfupi sana baada ya jua kuchwa, nao ni mwembamba kama ukucha. Mji uliojaa taa kali zinazotupa mwanga wake juu hauwezi kuuona vyema. Wazee wanaopanda juu ya dari au kwenda ufukweni jioni ya mwezi 29 wanajua tofauti ya anga ya Mombasa mjini na anga ya Faza au Siyu. Kikima hapa, usiku usio na mawingu, nyota zinaonekana kana kwamba zimeshuka. Huo nao ni utajiri, ingawa hakuna anayeutolea risiti.

SOMO LA FORODHANI

Tufike Unguja, ambako tuna mfano ulio karibu nasi kuliko wa Kyoto. Bustani ya Forodhani iko ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Ilitengenezwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Haroub. Kufikia miaka ya 2000 bustani ilikuwa imechakaa na ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaishughulikia. Ukuta ulitengenezwa, mitaro ikachimbwa, njia zikawekwa mawe na taa mpya zikasimikwa, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena.

Aliyekwenda Forodhani usiku anaijua raha yake. Watoto wanajitupa baharini kutoka ukutani, wauza mishikaki, urojo na maji ya miwa wako kazini, na familia zimekaa chini ya miti. Mwanga ni wa kutosha kumwona mwenzio, na nyuma yao kuta za Ngome zinaonekana zimesimama. Hapa neno la mama wa Kikima limetimizwa: taa zimewekwa kwanza kwa ajili ya watu, na mambo ya kale yakapata fungu lake humo humo. Mwanamke anaweza kutembea pale na wanawe baada ya Isha. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya taa.

Lakini papo hapo Forodhani pana somo jingine, nalo ni chungu. Jumba la Maajabu lilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said, na inasemekana ndilo jengo la kwanza Unguja kutiwa umeme. Watu walikuja kulitazama kwa ajili ya taa zake, ndipo likaitwa la maajabu. Jumba hilo lilisimama mbele ya bustani mpya, watalii wakalipiga picha usiku na mchana, huku ndani yake mbao na kuta zikiendelea kuoza. Mwaka 2012 sehemu moja ilianguka na jumba likafungwa. Matengenezo yakaja kuanza kwa msaada wa Oman, na yakiwa bado yanaendelea, tarehe 25 Disemba 2020 upande mkubwa pamoja na mnara wa saa ukaporomoka. Watu wawili walikufa.

Sisemi kwamba taa za bustani ndizo zilizoliangusha, la hasha. Nasema kwamba jengo linaweza kupendeza usiku na huku linakufa. Taa ya nje humwonyesha mtu uso wa ukuta tu. Haionyeshi boriti iliyoliwa na mchwa, wala chumvi iliyopenya katika matumbawe, wala paa linalovuja. Nyumba ya kale ni kama mgonjwa: kumpaka wanja si kumtibu.

Na Mombasa? Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na UNESCO iliiingiza katika orodha yake mwaka 2011. Wakazi wanaokumbuka miaka ya 1990 watakumbuka yale maonyesho ya usiku ya sauti na mwanga yaliyokuwa yakifanywa ndani yake, wageni wakihadithiwa vita vya Wareno na Waarabu huku kuta zikimulikwa upande mmoja baada ya mwingine. Mtindo huo ulianzia Ufaransa, katika kasri ya Chambord, mwaka 1952, na Misri ikaufuata kwenye mapiramidi ya Giza mwaka 1961. Ulikuwa na uzuri wake, kwa kuwa uliunganisha taa na hadithi. Kasoro yake ni kwamba aghalabu wanaoketi kutazama ni wageni, na wenyeji ambao hadithi ni yao hubaki nje ya lango.

WENYE BUSTANI WENGINE

Bustani nayo ina wakazi wasiokaa vikao. Popo walao matunda, ambao husambaza mbegu za mikuyu, hukwepa mahali palipomulikwa. Wadudu hufanya kinyume chake, huivamia taa wakaizunguka mpaka wafe. Miti iliyosimama karibu na taa za barabarani imeonekana kuchelewa kupukutisha majani, kwa kuwa haijui siku imefupika. Na sisi wa pwani tunao kasa. Vitoto vyake vikitoka mchangani usiku huelekea penye mwangaza, ambao kwa asili ni upande wa bahari. Taa za mahoteli zikiwa nyuma ya ufuko, huelekea barabarani na huko hufa.

Kwa hiyo mti wa ithembo ukimulikwa usiku kucha mwaka mzima, hata kama wazee wangekubali, si ajabu baada ya miaka popo wakauhama. Na mkuyu usio na popo utapandwa na nani?

TUFANYEJE BASI?

Nikiyapima yote hayo, naona neno la kijana si la kutupwa. Kyoto wamepata riziki kwa taa, na riziki ya halali ni jambo la heri. Lakini wao walikuwa na hekalu lililotunzwa kwa miaka 400 kabla ya taa, na watunzaji wake ndio walioamua lini liwashwe na lini lizimwe. Kijana ameiona taa. Utunzaji wa miaka 400 haupigiki picha. Ithembo kwa maoni yangu iachwe katika giza lake, kwa sababu wenyewe hawajatoa ruhusa na kwa sababu giza ni sehemu ya heshima yake. Soko la Kikima limulikwe, tena leo kuliko kesho. Na kijana fundi wa umeme akitaka kuwaleta watu wa Nairobi, awaite waje kuona nyota, maana hizo kwao zimekwisha kupotea.

Upande wetu wa pwani, maneno haya nayaelekeza hasa kwa kamati za misikiti ya kale. Tunayo misikiti ambayo umri wake ni wa karne nyingi. Msikiti wa Mandhry kule Mji wa Kale, Mombasa, unasemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Kila Ramadhani ikikaribia hutokea wafadhili wenye nia njema wakaleta taa za rangi, au taa kali nyeupe za namna ya zile za mlingoti mrefu ambazo watu wameziita mulika mwizi. Kuta za matumbawe zikipigwa na taa ya namna hiyo usoni, huonekana bapa kama karatasi. Zikimulikwa kwa taa hafifu ya rangi ya utambi, iliyowekwa chini karibu na ukuta ikatupa mwanga juu, kila kijiwe na kila alama ya mwiko wa fundi huonekana.

Basi kabla ya kutoboa ukuta na kupitisha waya, ningeomba mambo manne yaangaliwe. Kwanza, paa na kuta vikaguliwe na mtu anayezijua nyumba za mawe, na fedha zianzie huko. Pili, ngazi, birika na njia ya mwenye kuja Alfajiri vipate mwanga kabla ya mnara. Tatu, taa zichaguliwe za LED zenye mwanga wa manjano, wa kipimo cha 2700 hivi kilichoandikwa kwenye boksi, zifichwe, zielekezwe ukutani pasipo kumpiga mtu machoni wala kutupa mwanga wake mbinguni, na ziwe na saa ya kuzizima. Nne, watu waulizwe.

La nne halina gharama. Taa ziazimwe, zifungwe kwa kamba kwa siku tatu bila ya kutoboa kitu, na baada ya Isha imamu, majirani, mafundi wa zamani na akina mama wa mtaa watoke nje wautazame msikiti wao. Ziwashwe zote, kisha zizimwe moja moja, na kila ikizimwa moja waulizwe kama kuna kilichopungua. Ile ambayo ikizimwa hakuna anayelalamika, irudishwe dukani, na fedha yake inunue chokaa.